Mikono Isiyosikia Basi

Mtu akiniambia kwamba kukandwa kusikouma si kukandwa, nageuza uso. Juzi hapa Bariadi, kwenye banda la kinyozi karibu na stendi, kijana mmoja alikuwa akijisifu kwamba amekandwa mgongo mpaka machozi yakamtoka, na sasa anajisikia mwepesi. Akapandisha fulana atuonyeshe alama nyeusi mbavuni. Wenzake wakamsifu kana kwamba amerudi kutoka vitani. Mimi nilikuwa kitini, nusu ya kichwa imeshanyolewa, nikamwambia kinyozi atamalizia kesho. Nikatembea njia nzima na nusu ya mvi zangu, watoto wakinicheka. Wacheke tu. Maneno yale siwezi kuyasikiliza nimekaa.

Mama yangu alikuwa mkandaji. Hakuwa mganga, na alichukia kuitwa mganga. Hakuvaa hirizi, hakupiga ramli, hakuchanja mtu chale. Alikuwa na mikono yake, miguu yake, na kibuyu cha samli aliyoichemsha mwenyewe kutokana na maziwa ya ng'ombe wetu. Alizaliwa akitanguliza miguu, na watu wa upande wetu waliamini kwamba mtu aliyekuja duniani kwa namna hiyo, nyayo zake zinajua zenyewe mahali maumivu yalipojificha. Kwa hiyo tangu akiwa msichana mdogo, watu wazima walilala kifudifudi mbele yake wakamwomba awakanyage migongo. Mtu anayeanza kuheshimiwa akiwa na umri ule hakui akijiuliza kama anachofanya ni sawa. Simlaumu kwa hilo, na nimejaribu sana kumlaumu.

Tulikuwa watu wa pamba. Tuliishi kwenye kaya yetu wenyewe upande wa Mwamapalala, zizi katikati, nyumba zimelizunguka, na jirani wa karibu ulimwita kwa kupaza sauti. Mimi nilipata kibarua kwenye ghala la chama cha ushirika, kupakia magunia ya pamba kwenye malori yaliyoelekea kiwandani. Pamba watu huiona nyepesi kwa sababu wameishika kiganjani. Ijaribu ikiwa imeshindiliwa kwenye gunia, uibebe begani toka asubuhi mpaka jua linapinda, ndipo utajua kwa nini kila Jumapili baada ya kanisa uwanja wetu ulijaa wanaume.

Walilala kwenye ngozi ya ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, na mama akapanda juu yao akishikilia nguzo ya nyumba. Alianzia kiunoni akapanda mabegani kwa visigino. Waliosubiri zamu walikaa kivulini na kuwatania walio chini. Aliyeguna aliulizwa kama amejifungua mtoto wa kike au wa kiume. Aliyevumilia mpaka mwisho alipewa kibuyu cha maziwa ya mgando anywe wa kwanza. Nilikuwa mmoja wa waliovumilia, na nilijiona dume kwelikweli, ingawa kesho yake nilishindwa kuinama kufunga kamba za viatu.

Elimu ya mama haikuwa ndefu na sote tuliijua kwa moyo. Maumivu ndiyo dawa yenyewe. Mkono usiouma umepapasa tu. Ukikuta uvimbe, usiuzunguke, uvunje. Alama nyeusi zikitokea kesho yake, hiyo ni damu chafu imekuja juu, na homa ikifuatia ni ugonjwa unafunga mizigo. Kuna mzee mmoja alikandwa viuno akakojoa damu siku iliyofuata, na alizunguka kilabuni akiitangaza habari hiyo kwa furaha, eti uchafu wa miaka yote umetoka. Alizikwa kabla ya mvua za vuli, na hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Walisema alichelewa kuja.

Lakini kanuni kubwa kuliko zote ilihusu neno basi. Mama alifundishwa na shangazi yake kwamba mtu akikandwa akasema basi, si yeye anayesema, ni ugonjwa. Umeguswa, unaomba uachwe. Mkandaji asiyejua kazi husikia basi akaondoa mkono, na ugonjwa ukarudi kukaa pale pale. Anayejua kazi husikia basi akafurahi, kwa sababu sasa amejua ulipo. Hapo huongeza nguvu. Wateja wake walilijua hilo na waliliheshimu, hata wakawa wanatania kwamba kwa mama yangu neno basi ni kama kumwambia karibu.

Mke wangu alikuja kwenye kaya ile akitokea Nkoma. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno machache, na alikuwa na tabia ya kucheka amefunga mdomo, mabega ndiyo yanacheka. Mama alimpenda. Nalisema hili mapema kwa sababu nimekutana na watu ambao wakisikia mkwe na mama mkwe wanaanza kutikisa kichwa kabla hujamaliza. Hapana. Walilima pamoja, walichota maji pamoja, na mama alimwekea nyama ya figo ambayo mimi mwanawe nilikuwa sijaionja tangu nioe.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilitufikia akiwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, kitovu hakijakauka vizuri. Tulijua inakuja, viongozi walikuwa wamepita wakihutubia, na sisi tulipiga makofi tukidhani tuna muda wa kuvuna kwanza. Siku lori lilipokuja halikuuliza nani amezaa. Vijana wa chama tawala walipanda juu ya paa wakaanza kung'oa nyasi, na nyumba ikishavuliwa nyasi hakuna tena la kujadili. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye kusema pale nilikuwa mimi, na nilichosema ni kwamba mzazi akae mbele na dereva. Dereva akaniambia mbele amekaa ofisa.

Mke wangu akapanda nyuma. Alikaa kati ya mitungi na miti ya paa, mguu mmoja ameukunja chini yake kwa sababu hapakuwa na pa kuunyoosha, mtoto kifuani. Barabara ilikuwa mbovu na lori lilizunguka kaya nyingine tatu au nne kubeba watu kabla ya kuelekea kijiji kipya. Tuliposhushwa jua lilikuwa limeshapinda, na ilibidi nimbebe, maana mguu ule ulikuwa umekufa ganzi. Aliona aibu, akacheka kwa mabega.

Kijiji chenyewe kilikuwa mistari ya vigingi kwenye mbuga. Kila mtu alipewa vigingi vyake akaambiwa ajenge. Tulilala chini ya turubai la kuazima, na mama alichemsha maji ya kumkanda mzazi tumbo kama desturi, akilalamika kwamba maji ya pale yana ladha ya udongo. Ganzi iliisha. Siku chache baadaye mguu ule ule ukaanza kuvimba. Haikuvimba miguu yote, kama wanavyovimba wajawazito, ulivimba wa kushoto peke yake, kuanzia kwenye shavu la mguu, ngozi ikang'aa na kuwa ya moto. Akiukanyagia alikunja uso.

Nilimpeleka zahanati ya kijiji jirani kwa baiskeli. Yule mganga wa zahanati alikuwa mtu mwema, amevaa koti jeupe safi katika siku ambazo sabuni ilikuwa ya kutafuta. Aliutazama mguu, akaubonyeza, akauliza tumesafiri vipi. Nilipomweleza habari za lori akatikisa kichwa, akasema damu imevilia kwa kukaa vibaya, ikandwe vizuri kwa maji ya moto mpaka itembee. Akatupa aspirini. Nilirudi nimefurahi. Hayo ndiyo maneno ambayo mama alikuwa ameyasema tangu asubuhi, tena bila koti.

Ndiyo maana siwezi kuwasikiliza wale wanaosema kwamba yote yale yalikuwa ujinga wa watu wa kijijini. Wote walisema jambo moja, mwenye kibuyu na mwenye koti, na wote walikuwa wameona sawasawa kwamba damu imelala pale. Waliliona tatizo lenyewe, wakalitolea dawa ya kuua.

Ilikuwa mchana, watu wengi wako kwenye shamba la pamoja. Nyumba yetu ilikuwa imeshasimama kuta, na mama alimlaza mke wangu ndani, kwenye ngozi ile ile waliyolalia wanaume. Mimi nilikuwa nje nafunga fito za paa, mtoto amelala kwenye kikapu kivulini. Mzazi anapokandwa mwanamume haingii, na mkwe anapokuwa mikononi mwa mama yako, hata kuchungulia ni utovu wa adabu. Lakini ukuta ulikuwa wa fito na udongo mbichi, na kila kitu kilisikika.

Nilimsikia mama akimwambia kwamba ataanzia kwenye kifundo na kuipandisha damu juu, mpaka kwenye paja, mpaka kwenye kinena, ikutane na nyingine, na atakapomaliza atatembea mwenyewe. Alimwita mke wangu "mwanangu". Kisha nikasikia mikono yenye samli ikiteleza kwenye ngozi.

"Mayu, basi," mke wangu akasema.

Mayu ndivyo tunavyomwita mama. Alilisema kwa heshima, polepole, kama mtu anayekataa kuongezewa ugali. Mama akamjibu kwamba bado kidogo. Baada ya muda akalisema tena, na safari hii sauti ilikuwa na kilio ndani yake, na mama akamjibu kwa sauti ya furaha, ile niliyoijua tangu utotoni, kwamba umepatikana, avumilie, umepatikana. Mimi kule juu nilitabasamu. Nilifikiri kesho atakuwa anatembea.

Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu. Akasema hapati hewa. Mama akamwambia akae, akaita jina lake, akaliita tena, na kwa jinsi alivyoliita mara ya pili nilishuka kutoka juu ya fito bila kukanyaga ngazi. Nilipoingia, mama alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, na mke wangu alikuwa akivuta pumzi kwa mabega, yale mabega aliyokuwa akichekea, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alinitazama. Sijui kama aliniona. Hakuchukua muda.

Tulimzika kwenye ardhi ambayo hatukuwahi kuivuna hata mara moja. Likawa kaburi la kwanza la kijiji, na viongozi walikuja wakatoa pole wakasema sasa kijiji kimekuwa kijiji. Nilitamani kumpiga mtu. Watu walitafuta sababu kama watu wanavyotafuta. Walisema ardhi ile ina wenyewe na imemkataa mgeni. Wengine walianza kumtaja bibi mmoja jirani mwenye macho mekundu ya moshi, na kama si balozi wa nyumba kumi kuwa mtu mwenye akili na mkali wa maneno, yule bibi angehama au angekufa. Hakuna hata mmoja aliyeitaja mikono ya mama. Mikono ile ilikuwa juu ya mke wangu mpaka pumzi ya mwisho, na watu walisema, angalau alikufa akihudumiwa.

Mimi pia nilisema hivyo. Nilimshukuru mama. Tulikaa msibani, nikamwambia wabeja, asante, na akalia, na nikamfariji.

Miaka ikapita. Mama alimlea binti yangu kwa maziwa ya ng'ombe, akamtembeza mgongoni akiwa analima, akiwa anatwanga, akiwa amesimama juu ya migongo ya watu. Wanakijiji walikuwa karibu sasa, nyumba kwa nyumba, na wateja waliongezeka. Hata wafanyakazi wa ghala walikuja na lori toka Bariadi. Aliwakanda waliojifungua na walioteguka. Nimejiuliza, bila kupenda, ni wangapi walirudi kwao wakakohoa. Hakuna wa kunijibu, na nimeacha kuuliza.

Kisha dada yangu, kitinda mimba wa mama, akajifungua hospitalini Bariadi. Hiyo ilikuwa baada ya vita na Uganda, miaka ile ya foleni, unapanga mstari kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Tulipata habari kwamba mtoto ni mzima ila mama mtu amebakizwa kwa sababu mguu umevimba. Mguu mmoja. Mama hakusubiri nimalize kueleza. Alifunga kibuyu cha samli kwenye kanga, akavaa viatu vya plastiki alivyovitunza kwa safari, na tukapanda lori la pamba. Njiani alikuwa akikunja na kukunjua vidole vyake, kuvipasha moto. Alisema safari hii amewahi. Yule wa kwanza tulichelewa kumleta kwake, tulianza na zahanati. Nilikubaliana naye. Naye alikuwa na hofu, niliiona, maana huyu alikuwa binti yake wa kumzaa na wa mwisho, na alikuwa ameshamzika mmoja kwa ugonjwa huo huo.

Wodi ilikuwa imejaa, wazazi wawili wawili kitandani. Dada yangu alikuwa amelala mguu umenyanyuliwa juu ya blanketi lililokunjwa, unang'aa, wa moto, wa kushoto. Ulikuwa ule ule. Nilisimama nikautazama nikasahau kumsalimia. Mama alishakaa ukingoni mwa kitanda, samli ikalainika kiganjani, mkono mwingine ukashika kisigino cha binti yake.

"Shikamoo, mama. Naomba usiuguse huo mguu."

Alikuwa muuguzi, mtu mzima, mwenyeji wa mbali. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu. Hakufoka. Katika wodi za miaka ile, muuguzi asiyefoka ulimkumbuka. Mama alitabasamu kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, akaniambia kwa Kisukuma nimwambie huyu binti kwamba miguu ya namna hii ameishika tangu yeye hajazaliwa. Nikamwambia kwa adabu kwamba mama ni mkandaji anayejulikana. Muuguzi akaweka sinia yake ya sindano chini.

"Kaka, mtafsirie mama taratibu," akasema. "Damu imeganda ndani ya mshipa. Ikiachwa itulie, na hizi sindano, itaisha yenyewe polepole. Ikikandwa inang'oka. Inapanda mpaka kifuani inaziba mapafu. Mgonjwa anakohoa kidogo, anakosa hewa, anakufa mikononi mwako, na wewe unadhani ulikuwa unamsaidia."

Nilishika chuma cha kitanda. Niliona fito, niliona udongo mbichi wa ukuta, nikasikia kile kikohozi. Muuguzi alikuwa akinitazama akisubiri nitafsiri, na mama alikuwa akinitazama akisubiri pia, samli inamdondoka kwenye kidole.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikamwambia anasema mwanao apumzike, watamtibu wenyewe.

"Maneno yote yale ni apumzike?"

Kiswahili cha mama kilikuwa cha dukani: chumvi, mafuta ya taa, bei gani, hamna. Hakuwahi kukitumia kwa jambo zito. Lakini masikio yalikuwa yake, na neno damu alilijua, na kukohoa alikujua, na nadhani alikuwa ameshauona uso wangu. Akanyoosha kidole, bila kugusa, akakipitisha hewani juu ya shavu la mguu wa binti yake, juu ya paja, juu ya tumbo, kisha akakigeuza akakiweka kwenye kifua chake mwenyewe.

"Damu napanda?" akamwuliza muuguzi.

"Ndiyo, mama. Inapanda. Inafika hapo hapo ulipoweka kidole."

"Nakohoa?"

"Anakohoa, ndiyo. Mara nyingine ndiyo dalili ya mwanzo." Muuguzi akafurahi, masikini, kwa sababu ameeleweka. Akamshika mama bega. "Umeelewa vizuri sana, mama. Ukawafundishe na wenzako huko kijijini."

Mama akafuta mikono kwa kanga yake, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka samli ikaisha yote. Akaziba kibuyu. Alihamia sakafuni akaegemea ukuta, na mikono yake akaikalia.

Tulikaa Bariadi mpaka dada aliporuhusiwa. Nililala kwa rafiki wa ghalani, mama alilala wodini chini ya kitanda kama wauguzaji wote. Kila nilipokwenda nilimkuta amekaa pale pale, anautazama ule mguu. Wengine wangeshukuru Mungu. Mguu ulikuwa ukipungua bila kuguswa na mtu, ngozi ikirudi kukunjamana, rangi ikirudi. Kila ulivyopungua na mama alipungua nao. Dada yangu alidhani mama amechoka na chakula cha hospitali. Siku aliposimama na kutembea mwenyewe mpaka mlangoni, wazazi wenzake walipiga vigelegele, na mama akatoka nje akatapika kwenye maua ya hospitali.

Sina ugomvi na kukanda. Naomba nieleweke. Mkono wa polepole kwenye shingo iliyokakamaa nimeupokea na umenisaidia, na mzazi kufungwa tumbo na kuogeshwa maji ya moto hakumuui mtu. Ugomvi wangu ni na huo ushujaa. Alama nyeusi ni jeraha tu, kama angekupiga ngumi. Mwili unapokataa, unajua unachokikataa. Yule kijana wa kwa kinyozi ningeweza kumwambia hayo, ila ningeanza kwa utulivu ningemaliza nimemshika kola.

Tuliporudi kijijini ilikuwa Jumapili, na wanaume walikuwa wameshakaa kivulini. Mmoja, mpakizi mwenzangu wa siku nyingi, alikuwa ameshaitandika ngozi mwenyewe na kulala kifudifudi, akitania kwamba amekuja kuzaa. Mama akasimama juu yake. Nikadhani atapanda. Akainama akaushika ule mgongo kwa ncha za vidole, akauachia.

"Amka, mwanangu, uende nyumbani," akamwambia.

Wakacheka, wakidhani ni utani. Hawakucheka alipoikunja ngozi akaiingiza ndani. Baadaye walisema mama amekuwa na maringo tangu aende mjini, na wengine walisema nguvu zimemtoka. Samli iliyobaki tuliungia mboga.

Alasiri ile uwanja ulikuwa mtupu. Binti yangu alikuwa akitwanga mtama upande wa jikoni, na mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama. Binti alikuwa ameshaanza kuwa mrefu, na alikuwa amerithi kucheka kule kwa mabega. Mimi nilikuwa nanoa jembe. Tangu hospitalini hatukuwa tumezungumza jambo lolote zaidi ya maji na nauli, na niliogopa kwamba ataniuliza tangu lini nilijua, na sitakuwa na jibu ila lile la kweli, kwamba nilijua dakika ile ile aliyojua yeye.

Hakuniuliza hilo.

"Siku ile," akasema, "mkeo alisema basi?"

Nikalitazama jembe. Nikamwambia hapana, mayu, hakusema.

Akaigeuza mikono yake magotini, viganja juu, akaitazama.

"Alisema," akasema. "Nami nilifurahi."